Kusafisha Picha za Nyota Zilizopigwa kwa Kamera Iliyokwanguliwa Rangi

Wanafunzi wa chama cha sayansi wameniandikia barua wakiuliza jambo moja: je, ile kamera waliyopewa na wanafunzi wa zamani yafaa ikwanguliwe rangi, iwe ya nyeusi na nyeupe tu, ili ipige picha bora za nyota? Wamesikia kwamba mimi, niliyesoma katika shule hiyo na sasa nafanya kazi hapa Juba, Sudan Kusini, natumia kamera ya namna hiyo. Jibu la neno moja ningeweza kulitoa, lakini lisingewafaa. Afadhali niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, na hasa ile kazi ya mezani baada ya picha kupigwa, maana huko ndiko faida na hasara yake huonekana.

Kwanza hapana budi tujue kamera yaonaje. Ndani ya kamera, mahali palipokuwa na filamu zamani, pana kipande cha silikoni kiitwacho kihisi. Kimegawanyika katika vyumba vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni, na kila chumba huitwa pikseli. Pikseli haijui rangi. Kazi yake ni kuhesabu nuru iliyoingia, basi. Ili kamera ipate rangi, juu ya kila pikseli hupakwa chujio dogo la rangi moja. Mpango wa machujio hayo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapewa hataza yake Marekani mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili hufunikwa kwa kijani, moja kwa nyekundu na moja kwa buluu. Kijani kimepewa sehemu mbili kwa sababu jicho la mtu hutambua mwangaza zaidi kwa kijani kuliko kwa rangi nyingine.

Kwa hiyo kila pikseli yajua rangi moja tu, na zile mbili zilizobaki kompyuta huzikisia kwa kutazama majirani. Theluthi mbili za rangi katika picha ya harusi mliyoitundika ukutani ni makisio. Makisio hayo ni mazuri, wala hakuna anayelalamika, maana nguo ya bibi arusi haibadiliki ghafula kutoka pikseli moja hadi nyingine.

Mbinguni mambo ni mengine. Mawingu makubwa ya gesi yaliyo kati ya nyota, ambayo wataalamu huyaita nebula, yamejaa hidrojeni, na hidrojeni ikichochewa na nyota zenye joto kali hutoa nuru nyekundu ya urefu mmoja tu wa wimbi, nanometa 656.3. Nuru hiyo hupita katika chujio jekundu peke yake. Pikseli za kijani na za buluu haziipati, ila kidogo sana. Ni kama watu wanne wametumwa kisimani na mmoja tu ndiye mwenye ndoo. Tena mbele ya kihisi mtengenezaji ameweka kioo kinachozuia nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo ya nyekundu, na kioo hicho huzuia pia sehemu kubwa ya nuru hii ya hidrojeni.

Ndiyo maana watu wakaanza kukwangua. Fundi huondoa kioo, kisha kwa kijiti laini huondoa lile tabaka la machujio ya rangi, na pikseli zote nne zinakuwa na ndoo. Sitaeleza namna ya kukwangua, kwa sababu pembeni mwa kihisi pana nyaya nyembamba kuliko unywele, na ukikata mmoja kamera imekufa. Lakini jueni kwamba pamoja na rangi hutoka kitu kingine. Juu ya kila pikseli palikuwa na kijilenzi cha kukusanya nuru na kuielekeza ndani. Kijilenzi nacho hukwanguliwa, na nuru inayoanguka kwenye mipaka ya pikseli hupotea bure. Basi msidanganyike na mtu anayesema kwamba faida ni mara nne kamili. Faida ipo, na kwa nuru ya hidrojeni ni kubwa, lakini sehemu yake hurudishwa kama kodi.

Mtauliza, kwa nini mtu wa Juba ajisumbue hivyo? Mahali hapa pamewekwa vizuri kwa mtazamaji wa nyota. Tupo kama digrii 5 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo mbingu karibu yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu yetu katika mwaka. Nebula ya Jabari hupita karibu na utosi. Nebula ya Carina, ambayo watu wa Ulaya hawaioni kabisa kwao, sisi twaiona kusini ikifika digrii 25 juu ya upeo. Lakini kuna taabu zake. Miezi ya mvua, tangu Aprili hata Oktoba, mawingu hayakupi nafasi ya kutosha. Miezi ya kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Nyota ya Kaskazini, ambayo wenzetu huitumia kusawazisha viweko vyao, hapa i chini sana, imezama katika vumbi hilo, na sharti mtu asawazishe kwa kutazama nyota nyingine zinavyoteleza. Juu ya hayo, Juba si mji wa kutembea na kamera usiku. Askari wa lindo akiona bomba limeelekezwa mbinguni juu ya miguu mitatu ana haki ya kuuliza ni bomba la nini, na jibu la kwamba unapiga picha hidrojeni huenda lisimridhishe. Kwa hiyo siendi Jebel Kujur kutafuta giza. Napiga picha uani kwangu, kati ya taa za majirani, na chujio jembamba linaloruhusu ile nanometa 656.3 na jirani zake wachache tu ndilo linalonipa giza ambalo siwezi kulifuata. Kwa chujio la namna hiyo, kamera ya rangi hupoteza robo tatu ya pikseli zake. Hapo ndipo kukwangua kunapopata maana.

Sasa kazi ya mezani. Kamera yangu ni Canon 450D ya zamani, yenye pikseli 4,272 kwa 2,848. Neno la kwanza la kukumbuka ni kwamba kamera haijui kuwa imekwanguliwa. Kila faili ghafi inaloandika lasema bado, kwa uaminifu kabisa, kwamba pikseli hii ni nyekundu, ile kijani, ile buluu. Kompyuta husadiki maneno hayo na kuanza kukisia rangi ambazo hazipo. Matokeo yake ni picha yenye madoadoa ya rangi kama kanga iliyochuja, na ule ukali wa picha mlioutafuta umekwisha kuchanganywa na majirani. Picha za kawaida zinazotoka moja kwa moja katika kamera, zile za kutazama tu, hazifai kwa kazi hii, maana makisio yamefanywa tayari ndani ya kamera.

Basi sharti kompyuta iambiwe isikisie. Katika programu ya Siril, ambayo hupatikana bila malipo, unapobadilisha mafaili ghafi acha kabisa kile kisanduku cha kutafsiri rangi za Bayer bila alama. Ukitumia dcraw, programu ndogo ya zamani ya Dave Coffin, amri yake ni kuandika -D -4 -T, nayo itakupa picha ya kijivu ya namba zilezile zilizohesabiwa na kihisi. Angalieni kwamba D hiyo ni kubwa. Ukiandika d ndogo, programu haikisii rangi, lakini bado yazidisha pikseli ilizodhani ni nyekundu kwa namba moja na zile za buluu kwa namba nyingine, ili nyeupe iwe nyeupe. Katika kamera iliyokwanguliwa kuzidisha huko ni upuuzi, na picha nzima hujaa miraba midogo kama ubao wa drafti.

Jaribio la kuhakikisha ni rahisi. Kuza picha mpaka uone pikseli mojamoja. Ukiona ubao wa drafti mahali pa anga tupu, ama programu imezidisha, ama machujio hayakutoka yote. Ili kujua ni lipi, piga picha ya kitambaa cheupe chenye nuru sawa, kisha gawa pikseli katika mafungu manne kwa mahali pake na utafute wastani wa kila fungu. Namba zikikaribiana, kukwangua kulifanywa vizuri na kosa ni la programu. Zikitofautiana sana, rangi bado ipo.

Tukishapata picha ya kijivu tunaanza kuisafisha, na hapa ndipo ningependa mkae zaidi, kwa kuwa ndipo hesabu ya darasani inapofanya kazi. Namba inayosomwa na pikseli ina mambo matatu ndani yake: nuru ya mbinguni, uchafu wa umeme wa kihisi chenyewe, na upungufu wa njia ambayo nuru imepitia.

Uchafu wa umeme hutokana na joto. Silikoni ikipata joto hujihesabia nuru ambayo haikuingia, na kwa kila digrii sita hivi za kupanda, hesabu hiyo ya uongo hukaribia kuongezeka mara mbili. Katika nchi za baridi watu hulichukulia jambo hili kwa wepesi. Juba, usiku wa Februari, hewa yaweza kuwa juu ya digrii 25 hata saa tano, na kamera yenyewe ni ya moto zaidi. Dawa yake ni picha za giza: funika lenzi, piga kwa muda uleule na kwa kiasi kilekile cha wepesi wa kupokea nuru, katika usiku uleule, kabla kamera haijapoa. Piga 20 au zaidi, tafuta wastani wake, na utoe wastani huo katika kila picha ya nyota. Mtu asitumie picha za giza za mwezi uliopita. Joto lilikuwa jingine.

Upungufu wa njia nao hutibiwa kwa picha za nuru sawa. Lenzi hupitisha nuru nyingi katikati na kidogo pembeni. Vumbi huketi juu ya kihisi na kutia vivuli vya mviringo, na kihisi kilichokwanguliwa kina mikwaruzo na sehemu zinazopokea nuru kwa viwango tofauti. Tandaza kitambaa cheupe mbele ya lenzi, elekeza kwenye anga la alfajiri, usiguse lenzi wala chujio, ukapige mpaka grafu ya mwangaza ifike katikati. Picha hizo nazo zitolewe giza lake. Kisha namba ya kila pikseli igawanywe kwa wastani wa picha nzima, upate sehemu: 1.00 kwa pikseli ya wastani, 0.75 kwa ile inayopokea robo tatu tu. Kwa kamera nzima ya kawaida mtu aweza kuacha hatua hii na bado akapata kitu cha kutazama. Kwa kamera iliyokwanguliwa hawezi.

Tuchukue mfano. Pikseli ya kwanza yasoma 3,000. Picha ya giza yasema 1,200 kati ya hizo si nuru. Inabaki 1,800. Picha ya nuru sawa yasema pikseli hii hupokea 0.75 tu. Tukigawa 1,800 kwa 0.75 twapata 2,400. Pikseli jirani yasoma 3,600, giza lake 1,200, inabaki 2,400, nayo hupokea 1.00 kamili. Jibu ni 2,400. Pikseli mbili zilizosoma namba tofauti zilikuwa zinatazama anga moja yenye nuru ileile. Mtu asiyesafisha angeona pale doa jeusi na pengine angelipa jina.

Kuna kasoro moja ambayo kugawa hakuiponyi. Katika kamera yangu fundi aliogopa kukaribia nyaya, akaacha ukanda wa rangi pembezoni. Pikseli ya ukandani yenye kijani juu yake haikupata hidrojeni yoyote ya maana. Ukigawa karibu sifuri kwa sehemu ndogo, unakuza uchafu tu. Ukanda huo nakata na kutupa, nabaki na picha ndogo kidogo.

Baada ya kusafisha ni kupanga picha juu ya picha. Picha moja ya dakika mbili imejaa chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Chenga hizi hazina mpango, picha hii zimeongeza hapa, picha ile zimepunguza. Nebula haihami. Kompyuta hulinganisha nyota za kila picha zikae mahali pamoja, kisha hutafuta wastani, na kutupa kila namba iliyo mbali mno na wenzake, kama vile mstari wa setilaiti au ndege inayoshuka uwanjani. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, yaani picha 4 huzipunguza kufikia nusu, picha 16 robo, picha 64 moja ya nane. Mwaona basi kwamba usiku wa kwanza una faida kubwa kuliko wa tatu. Anga likiwa na vumbi zito naongeza hatua moja: nachukua wastani wa kila pikseli nne za jirani kuwa moja. Chenga hupungua tena kwa nusu, na ukali wa picha ninaopoteza vumbi lilikuwa limeshauchukua.

Nebula ya Carina katikati ya Machi hufikia kimo chake cha juu kama saa tano usiku kwa saa ya Juba, ambayo tangu tarehe 1 Februari 2021 iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa moja. Hukaa juu ya digrii 20 kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Picha 64 za dakika mbili ni saa mbili na dakika nane, kwa hiyo hata umeme ukizimika na majirani wakawasha jenereta, usiku mmoja watosha. Kwa lenzi ya milimeta 200, picha hufunika zaidi ya digrii sita za anga, na nebula yenyewe ina upana wa kama digrii mbili. Ndani yake imo Eta Carinae, nyota ambayo John Herschel aliiona ikizidi kung'aa ghafula mwezi Desemba 1837 alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka 1843 ikawa ya pili kwa mwangaza katika anga zima la usiku. Leo hung'aa kidogo tu kwa macho.

Picha iliyopangwa, ukiifungua, itakuonyesha weusi mtupu na nyota chache. Msishtuke. Nuru ya nebula imo lakini imesongamana chini kabisa ya kipimo, na sharti ivutwe. Njia ya kufahamu ni kipeuo cha pili: kama nyeupe kabisa ni 1, nebula iliyo 0.04 itakuwa 0.2, anga la 0.01 litakuwa 0.1, na nyota ya 0.81 itakuwa 0.9. Mwaona walio chini wameinuliwa sana na wa juu hawakuguswa sana. Vuteni kidogo kidogo, mara nyingi, mkitazama grafu upande wa kushoto isikatwe. Namba iliyokatwa hairudi.

Tumebaki na picha ya kijivu, na watu hutaka rangi. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu wa London utepe wa rangi uliopigwa picha mara tatu na Thomas Sutton, kila mara kwa chujio lake, na picha hizo tatu zisizo na rangi zikarushwa pamoja ukutani kwa nuru nyekundu, kijani na buluu. Kazi yetu ni ileile. Nikipiga Carina kwa chujio la hidrojeni, kisha kwa lile la oksijeni la nanometa 500.7, naipa ya kwanza nyekundu na ya pili kijani pamoja na buluu. Darubini ya Hubble mwaka 1995 ilipopiga zile Nguzo za Uumbaji katika Nebula ya Tai, salfa ilipewa nyekundu, hidrojeni kijani na oksijeni buluu. Hakuna jicho ambalo lingeona hivyo, na hakuna aliyedanganywa, kwa sababu waliandika wamefanya nini. Nanyi mkibandika picha ukutani mwa maabara, andikeni chini yake chujio gani limepewa rangi gani. Bila maandishi hayo picha ni pambo tu.

Sasa nijibu barua. Ile kamera msiikwangue. Ni moja, ni nzima, na yapiga pia michezo na sikukuu ya shule. Kabla ya jambo lolote nunueni chujio la hidrojeni, mpige Jabari mwezi Januari, na katika Siril mchukue pikseli nyekundu peke yake, ile moja katika nne. Mtapata picha ndogo yenye chenga nyingi, lakini hidrojeni itaonekana. Ikiwapendeza, tafuteni kamera ya pili, kuukuu, ambayo ikifa haitaliliwa, muanze kwa kuondoa kile kioo cha mbele tu. Kukwangua kuje mwisho, na kufanywe na mtu aliyekwisha kuua kamera zake mwenyewe.

Zoezi. Pikseli A yasoma 4,150, picha ya giza mahali pake yasoma 1,270, na sehemu yake ya nuru sawa ni 0.80. Pikseli B yasoma 4,700, giza 1,220, sehemu 1.00. Ni ipi iliyotazama mahali pang'avu zaidi mbinguni, na kwa kiasi gani? Tena, zatakiwa picha ngapi za dakika mbili ili chenga zipungue kufikia moja ya kumi, na je, usiku mmoja wa Carina hapa Juba watosha? Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa fizikia. Nimemtumia mafaili yangu 64, pamoja na picha zake za giza, yakiwa bado hayajasafishwa.